Mkalimani Aliyeishiwa Machozi

Shangazi, shikamoo.

Nina umri wa miaka 33, nimeolewa na nina watoto wawili. Nilizaliwa Bwera, wilayani Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe, ambako siku ya soko Wakongo huvuka kuja kwetu nasi huvuka kwenda kwao, hivyo Kiswahili nilikijua hata kabla sijaingia darasani. Lugha hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Kwa miaka sita sasa mimi ni mkalimani katika makazi ya wakimbizi, kusini-magharibi mwa Uganda. Mkimbizi hueleza yaliyomfika kwa Kiswahili, nami humweleza afisa kwa Kiingereza. Afisa huuliza, nami hulirudisha swali kwa Kiswahili.

Huenda wengi hawajui kwamba mkalimani hasemi, "Mama huyu anasema walimchomea nyumba." Utaratibu wa kazi yetu ni kusema vile vile asemavyo mwenyewe: "Walinichomea nyumba. Mume wangu walimuua mbele ya macho yangu. Mtoto nilimbeba mgongoni siku mbili nikidhani amelala." Maneno hayo yote nimeyatamka kwa kinywa changu, kwa nafsi ya kwanza, mara nne au tano kwa siku, siku tano kwa wiki.

Mwanzoni nililia sana. Usiku niliota nyumba ikiungua, na waliokuwa ndani yake walikuwa wanangu. Baada ya muda ndoto zilipungua, machozi yakakauka, nikashukuru nikidhani nimezoea. Lakini mwezi wa pili mwaka huu mwanangu wa miaka saba alianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika mkono. Nilimpandisha boda boda, nikampeleka kituo cha afya, nikafanya yote anayopaswa kufanya mzazi, ila moyoni sikusikia chochote. Alipozidi kulia nilimwambia, "Nyamaza, wako walioumia kuliko wewe." Baba yake alisikia. Usiku ule aliniambia kwa upole kwamba nimekuwa jiwe.

Ningekubali kwamba nimekuwa jiwe, Shangazi, kama si jambo jingine. Mwaka jana walikuja mama mmoja na binti yake wa miaka tisa, Wanande, ambao lugha yao ni ile ile Kikonzo chetu. Binti alikuwa anaumwa moyo, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri kupelekwa Kampala kwa matibabu. Alinisalimu kama alivyokuwa akinisalimu marehemu bibi yangu. Nilimsihi afisa mhusika mpaka jina la binti likapandishwa juu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimpa mama yake shilingi laki moja kila mwezi kutoka kwenye mshahara wangu, na mume wangu hajui. Baadaye niligundua kwamba katika orodha ile kulikuwa na mtoto mwingine ambaye hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Yeye bado anasubiri.

La mwisho linanitia aibu hata kuliandika. Mwezi uliopita nilimtafsiria mzee mmoja wa kabila ambalo, katika masimulizi mengi niliyoyatafsiri, ndilo linalotajwa kuwa la washambuliaji. Alieleza jinsi mkewe alivyouawa. Sikuacha neno hata moja, lakini sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma bei za sokoni. Mzee alipotoka, afisa aliniuliza kama nadhani anasema kweli. Nilinyamaza.

Je, huruma yangu imekwisha, au imezidi kipimo? Na je, niache kazi hii?

Mkalimani, kusini-magharibi mwa Uganda

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeona kwamba mambo unayoyaeleza umeyatia yote katika kapu moja uliloliita huruma. Ruhusu niyatoe humo, kwa sababu uzito wake haulingani. Linalokutisha zaidi, yaani kuambiwa kwamba umekuwa jiwe, kwangu mimi ndilo jepesi. Lile uliloliandika mwisho kwa mistari michache ndilo ninalotaka tukae nalo.

Kwanza hilo la jiwe. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, waliwasikilizisha wanafunzi mahojiano ya msichana aliyefiwa na wazazi wake katika ajali ya gari, akabaki na mzigo wa kuwalea wadogo zake. Wanafunzi wengine waliombwa wafikirie jinsi msichana yule anavyojisikia. Wengine waliombwa wafikirie jinsi ambavyo wao wenyewe wangejisikia kama yangewafika hayo. Makundi yote mawili yalimwonea huruma, lakini kundi la pili lilipata na kitu cha ziada: mfadhaiko wao wenyewe, dhiki ya mtu ambaye msiba umemwingilia nyumbani kwake. Tofauti ya maagizo yale ni ndogo sana, lakini tazama kazi yako ilivyo. Kwa miaka sita umetakiwa kusema "mimi" mahali pa watu ambao nyumba zao zilichomwa. Utaratibu huo una sababu nzuri, kwa maana unamfanya afisa amsikie mkimbizi mwenyewe na si maoni ya mkalimani, ila umekuweka katika kundi la pili kila siku ya kazi bila mtu yeyote kukuuliza kama unaweza kuustahimili. Ndiyo maana katika ndoto zako waliokuwa wakiungua walikuwa wanao.

Mwili hauwezi kuishi hivyo kwa miaka sita bila kujilinda. Mwaka 1992 mwandishi wa Marekani, Carla Joinson, aliandika juu ya wauguzi ambao baada ya kuhudumia mateso ya wengine kwa muda mrefu walikuwa wameishiwa nguvu ya kuhudumia, na tangu wakati huo hali hiyo imeitwa uchovu wa huruma. Huwapata waliojali. Mkono wa mkulima huota sugu pale pale jembe linaposhika, na hakuna anayeitazama sugu hiyo akasema mtu huyu ni mvivu. Hata hivyo, mkono wenye sugu hausikii vizuri joto la paji la uso wa mtoto, na hicho ndicho kilichokupata siku ya mwembe.

Kuna jambo ambalo lugha yetu inalijua vizuri, nalo ni kwamba kusikia uchungu wa mwenzako na kumtakia heri si kitu kimoja. Waswahili husema mtu "ameingiwa na imani" pale moyo wake unapoelekea kwa mwenye shida na kutaka kumfanyia jambo, wala haimaanishi kwamba yeye mwenyewe ameumia. Uchunguzi wa ubongo unakubaliana na hilo. Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake huko London waliwapima wanawake ubongo wakati waume au wapenzi wao, waliokuwa kando yao, wakichomwa mkono kwa umeme. Katika ubongo wa mwanamke ziliamka sehemu zinazohusika na ubaya wa maumivu, uchungu wenyewe, lakini zile zinazotambua ni wapi hasa mwilini panapouma hazikuamka. Miaka kadhaa baadaye Singer, akiwa Leipzig, Ujerumani, pamoja na Olga Klimecki, aliwafundisha watu kuuhisi uchungu wa waliokuwa wakiteseka kwenye filamu walizoonyeshwa, na watu hao wakalemewa. Kisha wakafundishwa jambo la pili, kuwatakia heri wanaoteseka kwa joto na upole. Ule uzito ukashuka na hisia njema zikaongezeka, ingawa mateso waliyokuwa wakiyatazama hayakuwa yamepungua hata kidogo.

Ninakuandikia hayo kwa sababu nadhani umeamini, kama wengi wanaofanya kazi za namna yako, kwamba usipoumia pamoja na mtu unamdharau. Mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, wahudumu wa hospitali ya Lacor chini ya Dkt. Matthew Lukwiya waliwahudumia wagonjwa wakiwa wamevaa glovu, barakoa na magauni ya kujikinga. Baadhi yao walikufa hata hivyo, na Dkt. Lukwiya mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeiona glovu ile kuwa ni ukosefu wa upendo. Wewe umekuwa ukiingia wodini mikono mitupu.

Kwa hiyo, kabla ya mkimbizi kuketi, jiambie kimoyomoyo kwamba haya ni yake, nami ni njia ya maneno yake. Anapoeleza, nafsi ya kwanza ibaki kinywani, na macho yako yamtazame yeye: anahitaji nini sasa, amekunywa maji, anaelewa swali? Akishaondoka, toka nje, nawa uso, jitamkie jina lako kwa Kikonzo, lile ulilopewa na wazazi wako. Usilidharau tendo hilo kwa udogo wake. Mtu aliyekuwa watu watano tangu asubuhi anahitaji kurudi kuwa yeye. Mwombe pia msimamizi wako apange ratiba ili masimulizi mawili ya mauaji yasifuatane bila kitu chepesi katikati. Akikataa, mwandikieni nyinyi wakalimani wote pamoja.

Hiyo "pamoja" naisema kwa makusudi. Mwaka 2002 ulifanyika utafiti katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka. Katika nusu ya vijiji hivyo, watu waliokuwa na sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida wazungumzao Luganda waliopata mafunzo ya wiki mbili tu. Walizungumza juu ya misiba yao, ugomvi wao na upweke wao. Mwishoni waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, wakati katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa asilimia 54.7. Si madaktari walioongoza mazungumzo yale. Wakalimani wanne au watano wa hapo mlipo mnaweza kukutana saa moja kila wiki, mkichunga jambo moja bila kulegea, kwamba siri za wakimbizi zibaki zilipotolewa, na mzungumze yanayowapata nyinyi. Ndoto zikirudi, au usingizi ukikukimbia kwa majuma, usingoje; hospitali ya rufaa ya Mbarara ina idara ya afya ya akili, na kwenda huko si aibu.

Sasa orodha. Batson, yule yule, alifanya jaribio jingine lililochapishwa mwaka 1995 ambalo, nilipoisoma barua yako, nilihisi kama limeandikwa juu yako. Watu walisikilizishwa mahojiano ya msichana wa miaka kumi, mgonjwa mahututi, aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri huduma. Msichana huyo hakuwapo kwa kweli, lakini wao hawakulijua hilo. Walipewa nafasi ya kumpandisha juu ya watoto wengine waliokuwa na haja kubwa zaidi au waliosubiri muda mrefu zaidi. Miongoni mwa walioambiwa wasikilize bila kuingiza hisia, thuluthi moja hivi walimpandisha. Miongoni mwa walioambiwa wafikirie jinsi anavyojisikia, walifika karibu robo tatu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamesikia sauti moja, na wale watoto wengine hawakuwa na sauti.

Mwanasaikolojia Paul Bloom ameifananisha hisia hii ya kuumia pamoja na mwenzako na kurunzi, ambayo humulika pale tu inapoelekezwa na kuacha kwingine gizani, na anaona kwamba tungekuwa watu bora zaidi kama tusingeitegemea katika kuamua mema na mabaya. Mimi sikubaliani naye kwa yote. Bila uchungu huo nadhani hata orodha yenyewe isingeandikwa, kwa kuwa hakuna ambaye angeona haja ya kuwapeleka watoto wa wageni Kampala. Lakini kuhusu kupanga nani atangulie, yuko sahihi kabisa. Wewe kurunzi yako iliwashwa na salamu ya bibi yako. Laiti binti yule angesalimu kwa lugha nyingine, jina lake lingebaki lilipokuwa, na moyo wake ungekuwa mgonjwa vile vile.

Usiende kuomba binti ashushwe. Nenda kwa yule afisa umwambie wazi kwamba ulisihi kwa sababu ya hisia zako, na kwamba kuna mtoto mwingine ambaye hali yake inahitaji kutazamwa upya na daktari, si na wewe wala na afisa. Baada ya hapo usizungumze tena juu ya mpangilio wa orodha, hata ukiulizwa, hata ukiombwa na mama mwenye machozi. Kuhusu zile laki moja, mwambie mume wako. Usizikate ghafla, maana familia ile imeshazitegemea na si haki walipie kosa la namna ulivyoanza kutoa, ila mkae nyinyi wawili mkubaliane ni kiasi gani na mpaka lini. Mume aliyekuambia kwa upole kwamba umekuwa jiwe angeweza pengine kukuelewa mapema zaidi kama angejua kwamba kila mwezi jiwe hilo hutoa mshahara wake kwa mtoto wa mwingine.

Nafika kwa yule mzee wako.

Kutosikia kitu kwa ajili yake si dhambi. Mwaka 2010 Grit Hein na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Uswisi kwa washabiki wa soka, ambao ubongo wao uliitikia zaidi maumivu ya shabiki wa timu yao kuliko ya shabiki wa timu pinzani, na utayari wao wa kusaidia ulifuata mkondo huo huo. Ikiwa jezi inatosha kupunguza uchungu, sishangai kwamba miaka sita ya masimulizi ya mauaji yamepunguza wako kwa mtu ambaye jina la kabila lake umelitamka mara mia kama jina la wauaji. Moyo hauamrishwi. Kinywa huamrishwa, na hapo ndipo ninapokulaumu, mwanangu, kwa upendo wote nilio nao.

Afisa alikuuliza swali ambalo mkalimani hapaswi kuulizwa. Jibu lake ni moja: "Kazi yangu ni lugha. Kuupima ukweli wa maelezo ni kazi yako." Wewe ulinyamaza, na kunyamaza mbele ya swali kama lile ni kujibu. Mtu aliyempoteza mke amevuka mpaka, ameketi mbele ya meza, hana shahidi wala karatasi, ana maneno yake tu, na maneno hayo yalipita kwako. Alikuwa na haki ya kupewa sauti ile ile uliyompa mama wa Kinande. Tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mara nyingi tunaisema methali hiyo kumwonya mtu asihukumu. Kwako ina msaada mwingine. Haikuwa lazima ukijue kitanda cha mzee yule, wala kukilalia, ili umtendee haki. Haki haikungoja moyo wako upate joto. Ingekuwa inangoja, masikini wote ambao hawatupendezi wangekufa mlangoni.

Nenda kwa afisa wiki hii, si mwezi ujao. Mwambie kwamba kimya chako hakikuwa ushuhuda, kwamba ulikuwa umechoka na ulikuwa na jambo moyoni lisilomhusu mzee, na uombe asikilizwe tena na mkalimani mwingine. Utaogopa kwamba utafukuzwa. Inawezekana ukakemewa. Lakini hatari yako na hatari ya mzee hazilingani, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana uliandika.

Umeniuliza kama uache kazi. Kwa sasa, omba likizo, au uhamishwe kwa miezi michache kwenye ukalimani wa zahanati au wa uandikishaji wa wanafunzi, ambako watu husema "mimi" juu ya homa na madaftari. Ukirudi ukakuta hali ni ile ile, ondoka bila kujilaumu. Makazi yale yatapata mkalimani mwingine, na wanao hawatapata mama mwingine.

Yule mwanao mwambie kwamba ulikosea kumwambia anyamaze. Ana miaka saba, ataelewa kuliko unavyodhani. Maumivu yake hayakupaswa kupimwa kwa mizani moja na ya watu wa Kivu, kule Kongo. Mkono uliovunjika ulikuwa wake, na mama aliyekuwa akililiwa alikuwa wewe.

Niandikie tena ukishaonana na afisa. Na mkono wa mtoto umeshaunga? Hukuniambia.

Shangazi